Kona na kombeo: mbona nusu kipenyo kinanichanganya?

Mkuu, swali lako lina mantiki. Unasema kanuni ya mv²/r (m ni kilo za kitu, v ni mwendo wake, r ni nusu kipenyo cha mzunguko) inaonyesha nusu kipenyo kikipungua kani ya kuvuta kuelekea kati inapanda, lakini ukizungusha jiwe kwa kamba ndefu ndipo mkono unavutwa zaidi. Yote mawili ni kweli.

Utotoni tuliamia ndege kwenye mpunga kwa kombeo. Chukua jiwe la gramu 100, kamba ya mita 1, zungusha mara 2 kwa sekunde: mvuto ni kama niutoni 16 (niutoni ni kipimo cha kani). Kata kamba ibaki nusu mita, zungusha mara 2 vilevile, unabaki na 8. Unadhani umebadili urefu tu, kumbe na mwendo wa jiwe umeupunguza nusu, maana sasa linapita njia fupi kwa muda uleule.

Barabarani hali ni nyingine, kwa sababu spidi unayo mkononi na kona huipangi wewe: spidi ikibaki ileile, nusu kipenyo kikipungua kani inayohitajika inapanda, kama kanuni inavyosema. Nimebeba mboga kwa pikipiki kutoka Lushoto kushuka Mombo. Siku moja kona niliyozoea kuipita kwa thelathini na kitu nikaiingia kwa hamsini na kitu, tenga la nyanya nyuma. Piga hesabu: kilo 200 kwa jumla, nusu kipenyo mita 20. Kwa kilomita 36 kwa saa inahitajika niutoni 1,000. Kwa 54 ni 2,250! Spidi imeongezeka nusu tu. Tairi na lami kavu, kwa msuguano wa 0.7 hivi ya uzito wote, haviwezi kutoa zaidi ya 1,400. Hakuna kilichonitupa nje; kilikosekana cha kunivuta ndani. Nyanya zilitangulia mtaroni, mimi nikafuata.

Na kwa anayesema kwamba mzigo unasaidia kushika barabara: uzito unaongeza msuguano, lakini unaongeza na kani inayohitajika kwa kiwango kilekile. Ngoma droo. Mzigo uliopangwa juu sana ndio unaoleta balaa la kupinduka, ila hiyo ni mada nyingine.

Punguza mwendo kabla ya kona, siyo ukiwa ndani yake. Wapo wanaotanua kona ili nusu kipenyo kiongezeke, na kwa hesabu wako sahihi kabisa. Tatizo ni Fuso linalopanda upande huo uliotanulia.