Ukitaka kuelewa sera ya afya, anzia dirisha la malipo

Vijana wanaomaliza vyuo, wa afya ya jamii, sosholojia au uchumi, huniuliza mara kwa mara waanzie wapi kama wanataka kuingia katika jumuiya ya wasomi wanaofuatilia sera ya afya na pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho hapa Dar es Salaam. Wengine wanataka kuunda kundi lao. Nimekaa miaka mingi kwenye makundi ya aina hii. Mengine yalikuwa chini ya chuo, mengine yalikutana jioni kwenye ukumbi wa kuazima. Mengi yalikufa. Yale yaliyodumu na kuzaa kazi ya maana yalisoma sheria na risiti ya mgonjwa kwa pamoja, na kwenye kikao alikuwepo mtu anayezishika risiti hizo kila siku.

Historia isomeni kwanza, na msiisome kwa haraka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilitangaza matibabu bila malipo, na mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku hospitali za watu binafsi zinazoendeshwa kwa faida. Mwaka 1991 marufuku hiyo ikaondolewa. Kuanzia 1993 ukaja uchangiaji wa gharama, ukianzia hospitali kubwa na kushuka chini kwa awamu. Ili mnyonge asifungiwe mlango, ukawekwa msamaha: mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu na ukoma, na yeyote aliye maskini.

Hapo kwenye "yeyote aliye maskini" ndipo kundi lenu litakapokwama, na ni vizuri likwame. Ni nani anayeamua? Sisi tulibishana jambo hilo kwa vikao kadhaa, tukitumia makala za wataalamu wa nchi mbalimbali, mpaka mwenzetu mmoja akapendekeza tumwalike afisa ustawi wa jamii wa hospitali moja ya jijini. Alikuja na kaunta buku lake, kurasa zenye majina akiwa amezibana kwa klipu tusizione, akatueleza kazi yake hatua kwa hatua. Anaangalia barua ya mtendaji wa mtaa na muhuri wake. Anauliza unaishi na nani, chumba analipa nani, aliyekuleta ni nani kwako. Kisha anaomba namba ya ndugu na kumpigia hapohapo. Bili ikiwa ndogo, husamehe. Ikiwa kubwa, mara nyingi msamaha hugeuka ahadi ya kulipa kidogo kidogo, kwa sababu na yeye anaulizwa na uongozi kwa nini kasamehe nyingi.

Kisha akasema jambo ambalo hatukulikuta kwenye makala yoyote tuliyosoma. Anayefika ofisini kwake, alisema, tayari ana afadhali: ana mtu wa kumwambia kwamba ofisi ipo na anajua kujieleza. Anayestahili zaidi haji. Huyo huishia dirishani, akitajiwa bei ya vipimo anarudi nyumbani, au anakimbilia kikoba, au anachukua mkopo wa riba kubwa, ule wa kausha damu, na kununua nusu ya dawa.

Wengi wetu tulikuwa tumemsoma Julian Tudor Hart, yule daktari wa kijiji cha wachimba makaa ya mawe kule Wales, ambaye mwaka 1971 aliandika kwenye jarida la Lancet kwamba tiba nzuri huelekea kupungua pale hasa inapohitajika zaidi. Aliyaandika hayo katika nchi ambayo mgonjwa halipi akimwona daktari. Kwa hiyo ada si kisa chote, na hilo lichunguzeni mapema kabla hamjajifunga na hoja moja. Mama wa Chanika aliyeandikiwa rufaa kwenda Muhimbili anahesabu nauli ya watu wawili, siku nzima bila biashara yake ya vitumbua, na mtoto wa kuachwa kwa jirani. Hata huduma yenyewe ikiwa bure, gharama hizo zinabaki palepale.

Sasa takwimu. Hapa nakaa kidogo, maana ndipo wasomi wazuri huteleza. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulionyesha vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukaonyesha 104. Furahini kwa dhati, kuna wakunga waliokesha kwa ajili ya hiyo 104. Baada ya hapo ulizeni ni kina mama gani bado wamo ndani yake.

Mtaambiwa muangalie majedwali yaliyogawa kaya katika makundi matano ya utajiri. Yaangalieni, lakini someni pia jinsi makundi hayo yalivyopatikana. Hakuna aliyeulizwa kipato. Kaya hupangwa kwa vitu: sakafu ya saruji, paa la bati, umeme, televisheni, simu, chanzo cha maji. Kwa kipimo cha nchi nzima, kaya nyingi za Dar es Salaam huangukia kundi la juu kabisa. Mpangaji wa chumba kimoja Manzese, mwenye taa ya umeme anayochangia na wapangaji wengine sita na choo cha foleni, anaweza kuandikwa kundi moja na mwenye nyumba wa Masaki. Mkoa mzima ulikuwa na watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, na umaskini wake mwingi unafunikwa na bati na waya wa umeme. Kijana akinijia na grafu inayosema Dar haina maskini, namtuma kwanza Tandale asubuhi, arudi na grafu yake mchana tuijadili.

Jambo hili lina uzito mpya sasa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 imeweka mfuko wa kugharamia wasio na uwezo. Nasema bila kusita kwamba ni hatua njema. Lakini asiye na uwezo wa mjini atatambuliwaje? Kwa barua ya mtendaji? Kwa orodha za kaya maskini, wakati mpangaji wa Dar anahama kila kodi inapopanda? Kundi changa likichagua swali hili moja na kulifuata kwa miaka mitatu, litakuwa limefanya kazi kubwa kuliko makongamano mengi niliyohudhuria.

Mambo ya utaratibu nayataja upesi. Kusoma na kujadili hakuhitaji kibali. Siku mtakapotaka kuwahoji wagonjwa, mnahitaji kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) au bodi ya chuo, kisha barua za manispaa, mganga mkuu wa wilaya na mtendaji wa kata. Msikwepe hata moja. Jadilini kwa Kiswahili, la sivyo afisa ustawi na mjumbe wa mtaa watakaa kimya. Wapeni nauli, maana posho ya msomi hulipwa bila kuulizwa ilhali mwananchi huambiwa anajitolea. Hilo huniudhi sana.

Mrejesho ufanyike kabla makala haijaenda kwenye jarida. Ukurasa mmoja, herufi kubwa, usomwe kwenye mkutano wa mtaa na nakala apewe mganga mfawidhi. Tulipofanya hivyo safari moja, wananchi waliomba kitu ambacho hatukukiandika popote kwenye mapendekezo yetu: tangazo kwenye dirisha la usajili, linaloonyesha chumba cha afisa ustawi kilipo na siku anazokuwepo. Lilibandikwa wiki hiyohiyo.

Kama mnaanza mwezi huu, kikao cha kwanza someni sheria ya 2023 kifungu kwa kifungu. Cha pili mwalikeni mwakilishi wa wananchi kwenye kamati ya usimamizi ya zahanati iliyo jirani. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, unaochangiwa na wafadhili, hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati hiyo ndiyo inayopaswa kukaa na mganga kupanga matumizi. Mwombeni aje na mpango wa mwaka huu, mmuulize ni kiasi gani kilitengwa kwa ajili ya wanaosamehewa.