Chembe za sumaku zinaikamata DNA ya E. coli, mbona ya Staphylococcus zinaikosa?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Natoa DNA ya bakteria kwa chembe za sumaku. Kwa E. coli napata nanogramu 40 kwa mikrolita. Staphylococcus aureus, kwa vitendanishi vilevile na siku hiyohiyo, inanipa 3 tu, na uwiano wa 260/230, kile kipimo cha usafi wa DNA, ni 0.6. Nimeongeza chembe maradufu, wapi! Je, zimeharibika? Na mabaki niyaue kwa Jik kama taka nyingine za maabara?

JIBU: Salama, karibu. Chembe zako ni nzima, E. coli imeshakuthibitishia hilo. Kazi ya chembe ni kushika DNA iliyokwisha kutoka nje ya seli: chumvi ya guanidini huifanya DNA ing'ang'anie silika iliyozipaka, nawe unaivuta kwa sumaku. Ambayo bado imefungiwa ndani ya seli haiwezi kukamatwa hata ukimimina chupa nzima.

Tatizo lako liko hatua ya kwanza, kwenye ukuta wa seli. E. coli ana ukuta mwembamba, na sabuni iliyo kwenye bafa ya kuvunja seli pamoja na proteinezi K, kimeng'enya kinachokula protini, vinammaliza haraka. S. aureus ni Gram chanya, ukuta wake ni mnene. Watu wengi hukimbilia lisozimu, kimeng'enya cha kukata ukuta wa bakteria, nayo husaidia kwa Gram chanya wengi, ila S. aureus huubadilisha ukuta wake kikemia kiasi kwamba lisozimu haipati pa kukata. Kinachomfaa ni lisostafini, kimeng'enya kinachokata madaraja ya glisini yanayoushikilia ukuta huo. Iweke mwanzo kabisa, nyuzi 37 kwa nusu saa, kabla ya kitu kingine chochote. Ukiichanganya na proteinezi K italiwa, na ukiitia kwenye guanidini itakufa papo hapo. Nimeona itifaki zinazotia vyote kwa pamoja ili kuokoa muda; ni kutupa pesa, na lisostafini si rahisi.

Macho yako yatakuambia kama imefanya kazi. Ukishatia bafa ya kuvunja seli, tyubu iliyokuwa na ukungu kama maji ya mchele inapaswa kuwa angavu na kuvutika kidogo kwenye ncha ya pipeti. Ikibaki na ukungu, usiendelee kwenye chembe, rudi nyuma. Kama lisostafini haipatikani, tikisa seli kwa nguvu pamoja na vishanga vya kioo vya milimita 0.1. DNA itakatikakatika, jambo ambalo kwa PCR ya kawaida (kunakili kipande kifupi cha DNA) halina shida, ila kwa usomaji wa mfuatano wa DNA kwa vipande virefu haifai.

Hata hivyo, usitarajie kuifikia 40. Jenomu ya S. aureus ina jozi za besi takriban milioni 2.8, ya E. coli milioni 4.6. Kwa idadi sawa ya seli, mavuno yatapungua tu.

Hiyo 0.6 isikunyime usingizi kwa sasa. Kwenye nanogramu 3, hata mabaki kidogo mno ya guanidini yanaivuruga namba hiyo. Ongeza mavuno kwanza, kisha pima upya. Ikibaki chini, tazama uoshaji: baada ya ethanoli ya mwisho, zungusha tyubu sekunde chache kwenye sentrifuji, irudishe kwenye sumaku, na unyonye lile tone la chini kwa pipeti ndogo. Halafu acha chembe zikauke hadi ule mng'ao wa umajimaji upotee. Zikifika kupasuka nyufa umepitiliza, na DNA itagoma kuachia. Ya kuitolea iwe bafa ya Tris yenye pH 8 hadi 8.5, iliyopashwa moto kidogo. Maji matupu ya maabara mara nyingi yana asidi kiasi, na silika hupenda asidi.

Kuhusu Jik, hapana, kabisa! Guanidini ikikutana na Jik hutoa gesi za sumu. Bafa ya kuvunja seli na maji ya kwanza ya kuoshea yaende kwenye chombo cha taka za kemikali chenye lebo, na meza ukiimwagia, ifute kwanza kwa maji na sabuni. Mwambie pia anayesafisha chumba, maana yeye ndiye mwenye hiyo chupa ya Jik mkononi.