Alumini huyeyushwa upya kila siku, mbona bado tunachimba?

SWALI: Nimesikia kwamba kuyeyusha alumini chakavu hutumia nishati kidogo mno kuliko kuitoa kwenye mawe. Ikiwa ni hivyo, migodi mipya inafunguliwa ya nini? Tukikusanya chakavu chote, si tungeifunga?

JIBU: Ulichosikia ni kweli, ndugu msomaji. Chakavu huhitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati inayotumika kupata alumini mpya. Kwenye bauksaiti, yaani mawe yanayochimbwa ili kupata alumini, alumini imeng'ang'aniana na oksijeni, na kuviachanisha ni lazima upitishe umeme katika uji wa moto wa nyuzi 960 hivi, njia ileile iliyovumbuliwa mwaka 1886. Tani moja hula zaidi ya kilowati-saa 13,000. Chakavu tayari ni metali: kinayeyuka kwa nyuzi 660, basi.

Tena umeme si hasara pekee. Tani moja ya alumini hutaka tani 4 hivi za bauksaiti, na nyuma yake hubaki tope jekundu lenye kostiki soda, kemikali kali inayounguza. Oktoba 2010 bwawa la tope hilo lilipasuka karibu na Ajka, Hungaria. Watu 10 walikufa, wengine wengi wakaunguzwa ngozi. Kila ninapoona alumini imetupwa jalalani hulikumbuka bwawa lile.

Kinachotukwamisha kwanza ni muda. Fremu ya dirisha hukaa ukutani miaka 30, 40. Kwa hiyo chakavu cha leo ni metali ya zamani, na zamani tulitengeneza kidogo: mwaka 1990 dunia ilizalisha takriban tani milioni 19 za alumini mpya, mwaka 2023 takriban milioni 70. Hata ungeokota kila gramu ya 1990, ungefikia robo na ushei tu.

Pili ni mchanganyiko, na hapa ndipo ninapoumia zaidi kwa sababu tungeweza kupaepuka. Alumini huchanganywa na silikoni, magnesiamu, shaba. Vikishaingia tanuruni pamoja, kuvitoa ni kazi ngumu, kwani ukipuliza oksijeni ili kuchoma uchafu, alumini yenyewe ndiyo huungua kabla ya shaba au chuma. Ndiyo maana chakavu kilichochanganyika huishia kwenye bloku za injini, zinazovumilia silikoni nyingi, na bloku hairudi kuwa bati jembamba la kopo. Magari ya umeme hayana injini hizo, hivyo mlango huo nao unazidi kuwa mwembamba.

Ukiwa na chakavu cha kuuza, ng'oa kwanza skrubu na bawaba za chuma. Sumaku itakuonyesha zilizojificha. Fremu za madirisha ziweke rundo lake, makopo lake, vipuri vya injini lake. Mnunuzi makini hulipa zaidi kwa rundo la aina moja, maana linaweza kurudi kuwa kile kilichokuwa.