Maktaba imesifiwa gazetini, mbona imeshitakiwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma usanifu majengo mwaka wa pili hapa Dar, tumepewa kazi ya kuandika kuhusu maktaba ya Hunters Point kule Queens, New York. Nimesoma mhakiki mmoja anaisifu mpaka basi, kufungua kwingine nakuta watu wenye ulemavu wameishitaki. Nimuamini nani? Au hawa wahakiki wanalipwa na wasanifu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la kulipwa achana nalo, halitakufikisha popote. Jengo lenyewe kwa macho ni zuri kweli, msanifu wake Steven Holl kachukua zege akalipaka rangi ya fedha akalitoboa madirisha makubwa yasiyo na umbo la kawaida, ukipanda ngazi unaiona Manhattan yote ng'ambo ya mto. Lilifunguliwa Septemba 2019, limekula zaidi ya dola milioni 40, na Michael Kimmelman wa New York Times akaliweka kwenye majengo bora ya umma ambayo jiji lile limejenga karne hii. Sasa pale pale kwenye zile ngazi anazozipenda kila mtu ndipo kwenye balaa. Pembeni yake kuna majukwaa yamepangwa moja juu ya lingine kama viti vya uwanja wa mpira, vitabu vya hadithi vikawekwa huko, na huko hufiki bila kupanda ngazi. Lifti ipo moja tu na hapo haisimami.

Watu walipolalamika jibu la kwanza likawa omba mkutubi akuletee kitabu. Hapa ndo naumia mwanangu. Hadithi hatuchagui hivyo, unavuta kimoja unasoma ukurasa wa kwanza unarudisha, unavuta cha pili, mara jicho linaangukia kitabu ambacho hata hukujua kipo duniani, hiyo ndiyo raha ya maktaba na mtu wa kiti mwendo alinyimwa hiyo hiyo, kwenye jengo la kodi yake, wakati sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu ipo tangu 1990! Novemba 2019, miezi miwili tu baada ya kufungua, kesi ikaenda mahakamani. Vitabu vikahamishwa. Mwaka 2024 jiji lenyewe nalo likaishitaki ofisi ya Holl likidai kama dola milioni 10 za kurekebisha.

Kwa nini mhakiki aliyebobea hakuliona tatizo hilo? Kwa maoni yangu shida ni lini anafika na anafikaje. Uhakiki wa magazeti unatoka wiki ya ufunguzi, vioo bado vinang'aa, foleni ya lifti bado haijaanza, hakuna mama mwenye kigari cha mtoto anayehangaika, na mhakiki anapanda kwa miguu yake miwili. Anachohakiki pale ni jengo ambalo halijaanza kazi. Angalia maktaba kuu ya Seattle ya msanifu Rem Koolhaas, ilifunguliwa 2004 wahakiki wakashangilia, mmoja wao ni Lawrence Cheek wa gazeti la pale pale Seattle. Yeye alirudi 2007, watu wameshaitumia miaka mitatu, akaandika waziwazi kwamba zile sifa zake alikosea, ndani mtu unachanganyikiwa na hujisikii umekaribishwa. Namheshimu sana kwa hilo, na ningependa kila gazeti liwe na utaratibu huo, mhakiki yule yule arudi baada ya mwaka.

Kwa hiyo kwenye kazi yako usichague upande. Eleza ule mwanga na ile mandhari bila ubahili maana vinastahili, halafu chora sekisheni ya zile ngazi, yaani jengo kama limekatwa wima uone ndani, weka mtu wa kiti mwendo mlangoni ufuatishe njia yake kwa kalamu mpaka anapokwama. Mchoro huo mwalimu wako hawezi kuubishia. Na kwa vile upo Dar, nenda maktaba mpya ya Chuo Kikuu pale Mlimani, ile ya 2018, wakati inafunguliwa kilichotajwa sana ni kwamba inachukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Kaa pale siku nzima kipindi cha mitihani, waulize wakutubi na wanaofanya usafi wapi panawatesa na wapi wanapapenda, angalia wanafunzi wanakimbilia viti gani kwanza. Ukiandika, nitumie nisome.