Maswali na majibu: Kiangazi kilichopangua vikosi vya hoki ya wanawake

PWHL, ligi ya kulipwa ya mpira wa magongo wa barafuni kwa wanawake Amerika Kaskazini, ilianza msimu wake wa tatu tarehe 21 Novemba 2025. Ilikuwa na timu sita, kwa msimu huo zikafika nane: Vancouver Goldeneyes na Seattle Torrent ndizo ngeni. Kuanzia Juni 2025 wachezaji walihamahama kuliko wakati wowote tangu ligi ianze Januari 2024, na barua zimekuwa nyingi. Nimechagua zile zinazogusa wengi.

Nimekuwa shabiki wa Boston Fleet tangu siku ya kwanza. Ilikuwaje Hilary Knight, nahodha wetu, aachiwe aende Seattle? Klabu ilimchoka? (Msomaji, Lowell, Massachusetts)

Pole sana, ndugu yangu. Barua za namna hii ndizo zilizokuwa nyingi kuliko zote, na si za Boston peke yake.

Klabu haikumchoka, ilibanwa na kanuni. Vancouver na Seattle zilipotangazwa mwezi Aprili, ligi iliamua kwamba zisianze na makombo. Kila timu ya zamani iliruhusiwa kuwakinga wachezaji 3 tu, yaani wasichukuliwe na timu mpya. Waliobaki wangeweza kuzungumza na timu mpya kuanzia tarehe 4 hadi 8 Juni, na kila timu mpya iliruhusiwa kusajili hadi 5 katika siku hizo. Tarehe 9 Juni ukafanyika uteuzi maalumu wa kujaza nafasi zilizosalia, hadi kila timu mpya ikafikisha wachezaji 12 na kila timu ya zamani ikawa imepoteza 4. Nafuu ilikuwa moja: ukishapoteza 2, ungeweza kumkinga wa nne.

Sasa jiweke kwenye kiti cha meneja wa Boston. Una kipa Aerin Frankel, beki Megan Keller na mshambuliaji Alina Müller, wote hawajatimiza miaka 30. Halafu una Knight, anayekaribia miaka 36, lakini ndiye aliyemaliza msimu kileleni mwa wafungaji kwa pointi 29 (mabao pamoja na pasi za mabao), sawa na Sarah Fillier wa New York. Ukimkinga Knight, unamwacha nje mmoja wa wale watatu. Boston ilichagua vijana, Knight akamwaga wino Seattle. Kisha kwenye uteuzi Seattle ikamchukua pia Hannah Bilka wa Boston, kidonda juu ya kidonda.

Kwa maoni yangu, wachezaji 3 walikuwa wachache mno. Kama ingekuwa 4 tangu siku ya kwanza, timu mpya zingebaki na wachezaji wazuri wa kutosha, na mashabiki wa miji ya zamani wasingeamka asubuhi moja wakakuta nahodha hayupo. Kanuni kali kama hii ilipita kwa sababu timu zote nane zilikuwa na mwenye mali mmoja, kundi la Mark Walter. Hakuna tajiri wa Boston wa kugonga meza akatae. Kinachotazamwa ni faida ya ligi nzima, na shabiki wa timu moja hana wa kumsemea.

Minnesota Frost wamebeba kombe mara mbili mfululizo. Huko si kuwaadhibu mabingwa? (Msomaji, Minneapolis)

Kila timu ilipoteza idadi ileile, lakini nakubaliana nawe kwamba Minnesota waliumia mahali pabaya. Vancouver ilichukua mabeki wao wawili, Sophie Jaques na Claire Thompson. Kwenye tuzo ya beki bora wa msimu wa 2024–25 waliofika hatua ya mwisho walikuwa watatu: Renata Fast wa Toronto, aliyeshinda, na hao wawili. Kuwapoteza wote kwa mpigo ni sawa na kung'olewa mlango wa mbele na wa nyuma usiku mmoja. Baadaye mshambuliaji Michela Cava naye akaelekea hukohuko.

Kumbuka pia kombe lile lilipatikana vipi. Fainali ya Mei dhidi ya Ottawa Charge iliisha kwa mechi 3 kwa 1, na mechi zote nne zilimalizika 2-1 ndani ya muda wa nyongeza. Timu iliyoshinda kwa nafasi finyu kiasi hicho haina akiba ya ubora ya kugawa. Hata hivyo Taylor Heise, Lee Stecklein na Kendall Coyne Schofield walibaki, kwa hiyo msiwazike mapema.

Kuhusu Jaques niongeze jambo. Boston ndiyo iliyomchagua kwenye drafti (uteuzi wa zamu ambao timu hugawana wachezaji wapya) ya kwanza kabisa mwaka 2023, ikambadilisha na Minnesota katikati ya msimu, naye akaenda kunyanyua makombe mawili. Mwaka huohuo wa 2023 alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza kutwaa Patty Kazmaier, tuzo ya mchezaji bora wa hoki ya wanawake katika vyuo vikuu vya Marekani. Juni 2025 akaenda Vancouver pamoja na Sarah Nurse, aliyetoka Toronto, ambaye baba yake ana asili ya Trinidad. Wasichana wengi weusi wa Kanada wataitazama timu hii kwa macho mengine, nami nafurahi kwa ajili yao.

Kwa nini Vancouver na Seattle, na si miji iliyo karibu na timu nyingine? (Msomaji, Ottawa)

Ligi ilipima maji kwanza. Januari 2025 ilipeleka mechi za kawaida kwenye miji isiyo na timu. Seattle walijitokeza watazamaji 12,608, na siku tatu baadaye Vancouver wakafika 19,038. Baada ya hapo sidhani kulikuwa na mjadala mrefu. Isitoshe, miji hii miwili imekaribiana, kwa hiyo timu za mashariki zikisafiri zinaweza kucheza mechi mbili kwa safari moja.

Makocha nao wamehama? (Msomaji, Toronto)

Ndiyo, na mmoja alimvuta mwenzake. Cara Gardner Morey aliacha ukocha wa Chuo Kikuu cha Princeton akawa meneja mkuu wa Vancouver. Kiti cha Princeton kikabaki wazi, akakikalia Courtney Kessel, aliyekuwa kocha wa Boston. Boston ikamwajiri Kris Sparre. Kwa msimu wa 2025–26 Vancouver ilimwajiri Brian Idalski kuwa kocha, Seattle ikamwajiri Steve O'Rourke.

Drafti inawapa wachezaji bora walioshindwa. Kwa nini timu zisifungwe makusudi ili zichague kwanza? (Msomaji, Dar es Salaam)

Swali zuri, na hapa ligi hii imewazidi akili wengi. Timu ikishakosa rasmi nafasi ya kuingia mchujo wa kuwania kombe, pointi inazozipata kuanzia siku hiyo zinahesabiwa kando. Mwenye nyingi ndiye anayechagua wa kwanza. Kwa hiyo aliyekwisha kutolewa ana sababu ya kushinda hadi mechi ya mwisho, na mwenye tiketi hauziwi mchezo wa kuigiza.

Juni 2025 New York Sirens ndio waliotangulia. Wakamchagua Kristýna Kaltounková wa Czech, mchezaji wa kwanza kutoka Ulaya kuwa chaguo la kwanza. Boston, waliofuata, wakamchukua beki Haley Winn.

Wachezaji hawa wanalipwa vizuri kweli? (Msomaji, Mombasa)

Inategemea ni nani. Mkataba wa pamoja kati ya ligi na chama cha wachezaji, unaodumu hadi Julai 2031, ulianza na kima cha chini cha dola 35,000 kwa msimu, na viwango vinapanda asilimia 3 kila mwaka. Kila timu lazima iwe na wachezaji wasiopungua 6 wanaolipwa dola 80,000 au zaidi. Kuna pia posho ya nyumba ya dola 1,500 kwa mwezi wakati wa msimu.

Anayepata kima cha chini kisha akahamishiwa Vancouver au Seattle, miji yenye kodi za nyumba za kutisha, hana raha hata kidogo. Hapo ningependa chama chao kikaze. Upande wa pili, timu mbili mpya zimeleta ajira zaidi ya 40 za kucheza hoki, na miaka michache iliyopita wengi wa hawa walikuwa wakifanya mazoezi usiku baada ya kazi ya mchana.

Haya mabadiliko yote hayataiua ligi? (Msomaji, Montréal)

Naielewa hofu yako, kwa sababu kwenye hoki ya wanawake mapumziko ndiyo yamekuwa majira ya misiba. Ligi ya CWHL ya Kanada ilitangaza kufungwa Machi 2019, siku chache tu baada ya fainali. NWHL ya Marekani ilikata mishahara katikati ya msimu mwaka 2016. Baadaye ikabadili jina kuwa PHF, na Juni 2023 ikanunuliwa na kufungwa ili kuipisha PWHL, mikataba ya wachezaji ikavunjwa. Kuna waliokuwa wametia saini majuma machache kabla.

Mwaka 2025 tulibishana nani amehama na nani amekingwa. Sikumsikia mchezaji hata mmoja akiuliza kama kutakuwa na ligi mwezi Novemba. Na ratiba imekua: mechi 72 msimu wa kwanza, 90 wa pili, 120 wa tatu, huku ligi ikisimama Februari 2026 kupisha Olimpiki ya majira ya baridi ya Milano Cortina.

Niko Nairobi, nacheza pale uwanja wa barafu wa Panari. Nitazione mechi saa ngapi? (Msomaji, Nairobi)

Hongera, dada. Na Kenya sasa ni mwanachama wa shirikisho la dunia, kwa hiyo endelea. Wakati wa majira ya baridi kule, mechi za saa moja jioni za Toronto, Montréal au Boston zinakukuta saa tisa usiku. Za Vancouver na Seattle za saa hiyohiyo ni saa kumi na mbili asubuhi, unaziona kabla ya kwenda kazini. Zinazokufaa zaidi ni za mchana wa Jumamosi na Jumapili: saa nane mchana ya Toronto ni saa nne usiku kwako. Anza na chaneli ya ligi kwenye YouTube.