Kwa anayeanza kazi ya kudhibiti kemikali bashirifu

Siku za mwanzo utapewa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya biashara haramu ya dawa za kulevya uusome. Usome wote, ila kifungu cha 12 kirudie mpaka kikukae kichwani. Ndicho kinachohusu kemikali bashirifu, yaani malighafi za kutengenezea dawa za kulevya. Hasa aya ya 10: kwa kemikali za Jedwali la Kwanza, moja ya orodha mbili za kemikali zinazodhibitiwa na mkataba huo, nchi yako ina haki ya kudai ipewe taarifa kabla mzigo haujaondoka huko unakotoka. Ni haki ya kuombwa rasmi, haiji yenyewe. Hakikisha imeombwa. Tangu 2006 taarifa hizo hupitia mfumo wa PEN Online wa Bodi ya Kimataifa ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya, Vienna.

Mimi somo la PEN lilinigharimu. Mwaka wangu wa kwanza iliingia taarifa ya asetiki anhidridi, kemikali yenye kazi nyingi halali viwandani, na ndiyo hiyo hiyo inayogeuza mofini kuwa heroini. Mpokeaji alikuwa na kibali, karatasi zote zimekamilika. Nikaiweka kiporo. Siku za kujibu zikaisha, na waliouza wakachukulia kuwa hatuna pingamizi. Nilipofika kwenye anwani ya kampuni nilikuta chumba kimoja, meza, na kalenda ya mwaka uliopita ukutani. Hakuna tangi, hakuna harufu ya kemikali, hakuna hata mlinzi wa kumuuliza. Mapipa yale hatukuyaona kamwe, na bado nayafikiria. Tangu hapo, kabla ya kutazama kibali nauliza: huyu anatengeneza nini, na kiasi hiki kinalingana na kazi yake? Ukikosa jibu, andika mstari mmoja wa kuomba muda. Usikae kimya.

Opioidi za maabara, yaani dawa zinazofanya kazi kama mofini lakini hutengenezwa kwa kemikali tupu, zimeleta ugumu wa aina nyingine. Heroini inategemea shamba na msimu. Fentanili, iliyotengenezwa na maabara ya Mbelgiji Paul Janssen karibu 1960, haihitaji shamba, na nguvu yake ni takriban mara 50 ya heroini. Shehena ya kuangamiza mtaa mzima inaenea kwenye bahasha. Malighafi zake NPP na ANPP ziliwekwa Jedwali la Kwanza 2017. Watengenezaji wakarudi hatua moja nyuma, wakatumia 4-AP. Hiyo nayo ikadhibitiwa 2022, na 2024 ikafuata 4-piperidoni. China ilipoidhibiti familia nzima ya fentanili Mei 2019, zikazidi kujitokeza nitazeni, opioidi nyingine za maabara zilizotokana na utafiti wa miaka ya 1950 ambazo hazikuwahi kuruhusiwa kwa wagonjwa.

Kwa hiyo kukariri orodha hakutoshi. Malighafi nyingi mpya hazina kazi yoyote kiwandani wala hazimo kwenye jedwali lolote, hivyo PEN haitakuonyesha kitu. Zinasafiri kama vifurushi vya kawaida, kwa majina ya kubuni. Hapo tegemea PICS, mfumo ulioanza 2012, ambamo maofisa wa nchi mbalimbali huarifiana papo hapo kuhusu mizigo iliyokamatwa. Weka humo picha ya lebo, njia iliyopita, aliyetumiwa, na namba ya CAS, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha kemikali, ikiwepo. Kifurushi ulichokamata wewe kinaweza kuwa na ndugu zake watano njiani kuelekea kwa wenzako. Na usikifungulie mezani; mwite mtu wa maabara.

Jambo moja wageni hulisahau kwa bidii yao ya kuzuia. Fentanili na mofini ni dawa za hospitali. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya unasema tangu utangulizi wake kwamba dawa hizi hazina mbadala katika kutuliza maumivu. Nimeona ombi la mofini limelala ofisini wiki kadhaa kwa sababu ofisa aliogopa kutia sahihi, na wodini kuna mgonjwa wa saratani ambaye halali usiku. Ombi la namna hiyo likifika kwako, lichunguze siku hiyo hiyo, na likiwa sawa tia sahihi.