Usipime chakula kwa bei ya pakiti

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji, mama mwenye watoto watatu, na tangu niusome haujanitoka kichwani. Ameandika hivi: “Dada, hayo mambo yako ya mboga na matunda ni ya watu wenye nazo. Mimi nikiingia dukani na hela niliyonayo, soseji, tambi za haraka na mkate vinatosha nyumba nzima. Mboga nikinunua zinanyauka, na zikiliwa watoto wanalala na njaa. Utuonee huruma.”

Sikumjibu palepale. Nilitaka kumjibu kwa kirefu kwa sababu najua alipo. Nimeishi hapo, na yaliyonitoa hapo sikuyasoma mahali popote. Niliyapata jikoni kwangu, kalamu mkononi.

Kwanza nimpe haki yake. Ukipima chakula kwa kalori, yaani nguvu unayopata kwa kila senti unayotoa, vyakula vya pakiti vinashinda karibu kila mara. Unga mweupe, sukari na mafuta vinazalishwa kwa wingi mno, haviozi upesi, na vinasafirishwa mbali bila friji. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Inapondeka, inaoza, na kila iliyoharibikia njiani gharama yake inabebwa na ile iliyofika salama. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikusanya tafiti 27 kutoka nchi 10 zenye kipato cha juu, wakakuta mlo ulio bora zaidi kiafya unauzidi ule duni kabisa kwa takriban dola moja na nusu ya Kimarekani kwa mtu kwa siku. Mwenye mshahara mnono hata haioni hela hiyo. Sasa chukua nyumba ya watu watano, zidisha kwa siku 30. Tena hesabu za Umoja wa Mataifa zinaonyesha kwamba mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni 2.8 duniani hawakuweza kumudu mlo kamili wenye afya. Kwa hiyo anayekwambia kwamba watu wa kipato cha chini wanakula vibaya kwa sababu ya uvivu, mwache apite zake.

Ila kalori ni kipimo kimoja tu. Mwaka 2012 wachumi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipima vyakula vilevile kwa njia tatu: kwa kalori, kwa uzito, na kwa kiasi ambacho mtu hula kwa kawaida mara moja. Kwa kalori, mboga na matunda vilionekana ghali. Walipopima kwa uzito na kwa kiasi cha mlo, nafaka, mboga na matunda vikawa nafuu kuliko nyama nyingi na kuliko vyakula vilivyojaa sukari, chumvi na mafuta mabaya. Bei zilikuwa zilezile.

Mimi nilikuja kuliona hilo nikiwa sina habari na wachumi wowote. Mkataba wa kazi wa mume wangu uliisha na haukuongezwa, tukabaki na mshahara wangu peke yake, na watoto walikuwa katika ule umri wa kufungua kabati kila baada ya saa moja. Nilianza kununua kama msomaji wangu anavyonunua leo: tambi za haraka, biskuti, soseji, mkate mweupe, juisi za boksi. Risiti zilikuwa fupi, moyo ukatulia. Lakini katikati ya mwezi hela ilikuwa imekwisha, na sikuelewa imeyeyukia wapi.

Nikatafuta daftari. Sikuandika bei tu, maana bei nilikuwa nazijua kwa kichwa. Nilichora safu nyingine pembeni nikaipa jina “njaa imerudi saa ngapi”. Kila mlo nikaandika tulikula nini na mtoto wa kwanza kusema ana njaa alisema saa ngapi. Mume wangu aliniona nachora mistari usiku, akaniuliza naandika barua kwa nani.

Safu ile ndiyo iliyonifumbua macho. Asubuhi ya tambi au mkate mweupe na juisi, saa nne haijafika kabati linafunguliwa, na kinachotafutwa ni biskuti. Hiyo biskuti nayo nimeinunua. Asubuhi ya yai na kiazi, au ya dengu zilizobaki jana usiku zikapashwa moto, watoto walifika mchana bila kuuliza kitu. Ule mlo wa bei rahisi ulikuwa unanilazimisha kununua mlo wa pili. Nilipojumlisha vyote viwili, pakiti ilikuwa imegharimu zaidi ya dengu na yai, na mtoto hakuwa ameshiba vilevile.

Miaka ya baadaye nilikutana na utafiti uliolieleza jambo hili vizuri kuliko daftari langu. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani waliwaweka watu wazima 20 kituoni kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili vyakula visivyosindikwa, na waliambiwa wale mpaka watosheke. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi. Pamoja na hayo, wakila vya kusindikwa walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, na uzito ukaongezeka kwa karibu kilo moja. Wakila visivyosindikwa ukapungua kwa kiasi hichohicho. Na kwa kuwa nataka mpate habari nzima: viungo vya mlo usiosindikwa katika utafiti ule viligharimu takriban asilimia 40 zaidi kwa kalori zilezile. Msomaji wangu ana hoja, na ina mashiko. Lakini kalori ukizipata kwa bei rahisi halafu mwili ukadai nyingine juu yake, bei ile haikai ilivyokuwa.

Kipindi hicho hakikuwa chepesi, na sehemu iliyoniuma zaidi haikuwa pesa. Wifi yangu alikuja kututembelea, na wageni wengine walikuwepo sebuleni. Akafunua sufuria, akasema kwa sauti ya kusikika: “Wifi, yaani watoto wa kaka yangu unawalisha maharage na majani kila siku kama wafungwa?” Wageni wakanyamaza. Mume wangu akaangalia chini. Binti yangu mkubwa, aliyekuwa amelipenda lile rojo la maharage tangu siku ya kwanza, akaisukuma sahani yake pembeni. Wifi hajawahi kuniomba radhi, na mimi sitadanganya kwamba yameisha. Ninalitaja hili kwa sababu wengi wenu mtakutana na mtu wa namna hiyo. Kuna watu wanaamini pakiti yenye rangi ni dalili ya kujiweza na sufuria ya maharage ni dalili ya kushindwa. Mtu huyo halipi risiti zako. Pika.

Baada ya hapo miezi ilikwenda, mume akapata kazi, daftari likajaa. Nisiwachoshe na hayo. Niseme yale ambayo nayafanya mpaka leo ingawa hali imebadilika.

Kunde kavu ndiyo nguzo. Maharage, dengu, njegere, choroko, vyovyote vinavyopatikana ulipo. Kikombe kimoja cha maharage makavu kikiiva kinakupa vikombe viwili hadi vitatu. Linganisha na kopo la gramu 400: ukimwaga maji yake unabaki na gramu 240 hivi za maharage. Sisemi kopo ni baya, nitalirudia. Ila ukilipia kopo, ujue unalipia pia maji, bati, moto wa kiwandani na usafiri wa vyote hivyo. Loweka usiku, asubuhi mwaga maji yale, pika mengi kwa mara moja, gawa kwenye vyombo vidogo, gandisha. Gesi inawaka mara moja kwa milo mingi. Jambo moja la usalama, hasa kwa maharage mekundu: lazima yachemke kwa nguvu, nusu saa ili uwe na uhakika, kabla hujapunguza moto. Yakiwa hayajaiva yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha vibaya, na moto mdogo peke yake hauiondoi.

Halafu kuna kuoza, na hapa msomaji wangu amegusa penyewe. Mboga iliyonyauka na kutupwa ndiyo mboga ghali kuliko zote duniani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 chakula kilichotupwa kilifika tani bilioni 1.05, na asilimia 60 yake ilitoka majumbani, siyo mahotelini wala madukani. Fungua droo ya chini ya friji yako sasa hivi. Kile kifungu cha majani kilichogeuka kamasi ndani ya mfuko, kikiwa na maji ya kahawia chini, ni hela taslimu. Mimi nanunua majani laini ya siku mbili tu na yanaliwa kwanza. Kabichi, karoti, vitunguu na maboga yanasubiri, maana hayana haraka. Vitunguu siviweki pamoja na viazi kwa sababu vinaharibiana. Ndizi zilizoiva nazitenga na mboga, kwani zinatoa gesi ya ethilini inayoharakisha vingine kuiva na kuoza.

Hapo sasa nirudi kwenye kopo na friza, kwa sababu kuna watu wanahubiri kana kwamba kila kilichofungwa ni sumu. Hao wanawaumiza watu wasio na hela. Profesa Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil, ambaye mwaka 2009 alianza kuvigawa vyakula kulingana na kiasi cha usindikaji, hakuviweka vyote kapu moja. Njegere zilizogandishwa, maziwa na shayiri ya uji viko mbali sana na soseji, soda na tambi zenye kifuko cha unga wa ladha. Maharage ya kopo yamepikwa na kutiwa chumvi, basi; yasuuze uyale. Mboga zilizogandishwa mara tu baada ya kuvunwa zinahifadhi virutubisho vizuri, na mara nyingi zinazizidi zile “mbichi” zilizokaa siku kadhaa njiani na kwenye friji. Unachota kiasi unachotaka na kilichobaki hakiozi. Soma orodha ya viungo nyuma ya pakiti. Ukikuta vitu ambavyo mtu hawezi kuwa navyo jikoni, vionjo, rangi, viunganishi vya mafuta na maji, protini zilizovunjwavunjwa, hapo ndipo pa kuirudisha rafuni.

Ndugu zangu, kuna gharama moja ambayo sijawahi kuona mtu anaiandika kwenye risiti, nayo ni muda wa mwanamke. Pakiti inauza dakika. Mtu anayetoka kazini usiku, amesimama safari nzima, anaingia kwenye chumba chenye jiko la moto mmoja na hana friji, mkimwambia aloweke maharage mnamtukana. Mimi nilikuwa na friza, nilikuwa na jiko, na nilikuwa na mume ambaye kwa kipindi kile alikuwa nyumbani na alikubali kuchambua maharage na kusimamia sufuria. Bila hivyo daftari langu lisingenisaidia kitu. Kwa hiyo ninawaambia akina baba wanaonisoma: chakula bora ndani ya nyumba ni saa za kazi, na saa hizo zigawaneni. Watoto nao wachambue, wamenye, wakoroge. Mtoto aliyepika dengu anazila. Na serikali zinazotoza kodi mboga sawa na soda zinapaswa kuulizwa. Meksiko iliweka kodi kwenye vinywaji vyenye sukari tangu mwaka 2014, na mwaka 2016 Chile ilianza kubandika alama nyeusi kwenye vyakula vyenye sukari, chumvi na mafuta kupita kiasi. Inawezekana.

Sasa mama wa watoto watatu. Sikuombi ubadilishe jikoni lako lote, na usimsikilize anayekuomba hivyo. Anza na vinywaji, kwa sababu ndipo hela inapotoka bila kushibisha mtu. Soda ya mililita 330 ina gramu 35 hivi za sukari, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 kwa siku nzima, mtoto chini ya hapo. Soda na juisi za boksi za wiki moja, hela yake itenge kwenye bahasha. Watoto wanywe maji. Hela ile inunue dengu, mayai na kabichi moja kubwa, pika dengu sufuria nzima, na uwape asubuhi kabla hujawapa kingine. Tambi na soseji ziache kwenye orodha kwa sasa. Hizo tutazizungumzia ukishaziona risiti zako za mwezi wa kwanza.